Kifo Lazima Kibishe Hodi

1

Ukiniambia kwamba wazee watatu wamecheza miezi kumi na minne bila hata mmoja wao kufa, sitakupongeza. Nitakuuliza ni nani anayeiba.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi ni msawazishaji. Katika Milango ya Chini, mchezo ambao watu huketi mezani, kila mmoja akaigiza mhusika wake na mwongozaji akawasimulia mapango na majoka, mimi ndiye ninayepanga jinsi wahusika wanavyokufa. Sizungumzii vifo vya polepole, vile vya kupigwa upanga leo ukapungukiwa pumzi tatu, kesho ukapungukiwa mbili. Hivyo vinajipanga vyenyewe. Nazungumzia kifo cha papo: jicho la joka likikuangukia umekwisha, hata kama ulikuwa na pumzi mia. Watunzi wengi wanakikwepa. Ukikiweka kwa wingi, wachezaji wanaacha kuwapenda wahusika wao, maana nani atampenda mtu anayeweza kuondoka kwa mrusho mmoja wa dadu? Ukikiondoa kabisa, wanaingia pangoni wakipiga miluzi kama wanaokwenda gengeni kununua nyanya.

Nilihangaika na jambo hilo miaka tisa, na dawa niliyoipata ndiyo iliyonipa jina: kifo lazima kibishe hodi. Joka haliui kimyakimya. Kwanza kuna dalili, ubaridi au harufu ya chuma. Kisha mwongozaji anagonga meza na kusema "hodi". Ukinyamaza, una nafasi ya kurudi nyuma na hakuna atakayekucheka. Ukiitikia "karibu", umekipokea kifo kwa hiari yako. Dadu ya jicho inarushwa, na ukipona unajibu kwa pigo maradufu. Shujaa anapata sifa zake, mwoga anapata njia ya kutokea, na hakuna anayelalamika kuwa ameonewa. Nilijivunia kanuni hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya.

Sasa, dadu ya jicho ina nyuso nane, na ni uso mmoja tu wenye jicho. Taarifa za meza ya Tukuyu zilionyesha imerushwa mara arobaini na moja. Kwa hesabu yangu kungekuwa na vifo vitano hivi. Hakukuwa na hata kimoja. Inawezekana, ndiyo, mara nne katika elfu. Machale yakanicheza. Na kilichonikera zaidi ni ile arobaini na moja yenyewe, kwa sababu meza zangu za majaribio pale Dar, kwa muda uleule, zilirusha mara kumi na moja tu. Watu wakisikia hodi wananyamaza na kurudi nyuma. Hawa wa Tukuyu walikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Ningeweza kumtuma mtu mwingine. Lakini pamoja na taarifa kulikuwa na barua ya daktari, kwamba mmoja wa wazee, Mzee Ambokile, amepotea sana katika miezi miwili ya mwisho na kwa mwendo ule hatafika Krismasi akimjua mtu. Mzee Ambokile ni baba yangu. Nilipanda basi la usiku.

2

Nyumba ile ya wazee iko nje kidogo ya mji, imezungukwa na mashamba ya chai pande tatu, na mvua ya huko haina adabu, inaingia hata kwa ubavu. Nilimkuta mwongozaji, kijana mmoja mrefu mwenye sauti ya mtangazaji aitwaye Ipyana, akiwabandika wazee tepe zao.

Utepe ni mwembamba kama ukucha, unakaa nyuma ya sikio, na una taa moja ndogo. Mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau hawezi tena kuweka mambo pale alipozoea kuyaweka. Utepe unamtafutia pahali pengine, sehemu ya ubongo ambayo bado ni nzima, unamjengea hapo mhusika wake wa mchezoni, kisha unatundika kumbukumbu za mzee kwa mhusika huyo, moja baada ya nyingine. Mhusika wa baba aliitwa Vidole, mwizi wa kufungua makufuli. Vidole alipewa mke aliyefariki, nyumba ya matofali kule Masoko, na binti aitwaye Tupokigwe. Maadamu Vidole yu hai, baba ananijua.

Ila utepe una sharti. Hauandiki kitu mpaka moyo wa mzee uende mbio kwa hofu ya kweli, hofu ya kumpoteza mhusika. Taa yake ikiwaka rangi ya chungwa, ujue utepe unaandika. Kuna nyumba moja waliondoa kifo cha papo kwa kuwahurumia wazee. Wazee wakagundua ndani ya wiki mbili, taa zikazimika, na baada ya miezi minne hakuna aliyemtambua hata mwenzake wa kitanda cha pili. Na upande wa pili nako kuna shimo. Mhusika akifa polepole, madaktari wanapata wiki kadhaa za kuhamisha kumbukumbu kwenda kwa mhusika mwingine. Akifa papo hapo, ubongo unafunga duka siku hiyohiyo, na walichoshindwa kukibeba kinabaki ndani.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Aliniinulia uso mpole, uso anaompa mtu yeyote aliyevaa viatu safi. "Marahaba, mama. Umetoka kwa daktari?"

"Huyu ndiye Tupo, mzee," Ipyana akasema haraka. "Binti yako. Ndiye aliyetunga kanuni za kifo."

"Ahaa," baba akasema. Akanitazama tena, safari hii kwa makini, na sikuupenda ule utazamaji. Taa nyuma ya sikio lake ilikuwa nyeusi tii.

Nikaketi pembeni na daftari langu. Bibi Sekela, mkunga mstaafu mwenye mikono mikubwa, alinivutia kiti karibu naye. "Kaa hapa, mwanangu. Mimi maisha yangu yote nimetoa watoto duniani, sasa uzeeni nakata vichwa vya majitu. Usishtuke." Wa tatu, Mzee Mbwiga, alikuwa anasinzia na kidevu kifuani.

Ipyana alisimulia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Walikuwa ukingoni mwa ziwa lililo chini ya mlima, maji yametulia mno, na Vidole ndiye aliyetangulia kwa sababu ndiye mwenye macho ya kuona kufuli gizani. "Unasikia harufu," akasema Ipyana, "harufu ya chuma kilicholowa."

"Ni joka," Bibi Sekela akasema, "au kuna mwenzetu hajaoga."

Wakacheka. Ipyana hakucheka. Akagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole. "Hodi."

"Karibu!" baba akaitikia, mkono wa Ipyana haujatoka hata mezani.

"Karibu ndani, pita tu," akasema Bibi Sekela.

Na Mzee Mbwiga, ambaye ningeapa kuwa amelala, akafumbua macho na kusema, "Karibu, karibu sana."

Nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Kanuni yangu niliijaribu na vijana wa Dar, watu ambao mgeni akigonga geti humchungulia kwanza kwenye simu wakaamua kama wapo nyumbani au hawapo. Hawa hawakuwahi maishani mwao kuiacha hodi ya mtu ikining'inia mlangoni. Ugonjwa ulikuwa umewanyang'anya majina ya watoto wao, lakini hilo ulikuwa haujalifikia, na huenda ndilo litakalotoka la mwisho. Nilikuwa nimetega mtego ambao mtu mwenye adabu hana namna ya kuukwepa. Arobaini na moja. Kumbe haikuwa haraka, ilikuwa malezi.

"Joka linamtazama aliye mbele," Ipyana akasema, "na aliye mbele ni Vidole. Vidole amelikaribisha." Akatia mkono kwenye bakuli la udongo analowekea dadu. Akautoa mtupu. Akautia tena, kisha akainama chini ya meza, akapapasa mifuko yake, na nilipomwona anainuka, jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Dadu haipo," akasema.

"Ninazo mpya kwenye begi," nikasema.

"Hapana, dada Tupo. Tuiache mpaka kesho. Wazee wamechoka."

Hakuna mzee aliyekuwa amechoka. Nilimtazama baba. Alikuwa amekiitikia kifo sekunde chache zilizopita, na alikaa ametulia kama mtu anayesubiri chai. Taa yake haikumetameta hata kidogo. Mtu asiyeogopa dadu anajua kitu kuhusu dadu hiyo, au anamjua anayeirusha. Nikamtazama Ipyana, Ipyana akatazama dirishani.

3

Baba aliniita chumbani kwake alasiri. Hakuniita kwa jina, alinionyesha kidole tu na kusema, "Wewe wa kanuni, njoo."

Alifunga mlango. Kwenye fremu yake kulikuwa na mistari ya chaki, imepangwa vizuri, mitano mitano. Nilihesabu bila kutaka. Ilikuwa arobaini na moja.

"Mimi nasahau," akasema. "Ndiyo maana nauandika mlango. Kila mrusho mstari mmoja. Akifa mtu, naukata. Unaona uliokatwa?"

"Hakuna."

"Hakuna." Akakaa kitandani. Baba alikuwa afisa wa vipimo miaka thelathini na moja, akizunguka masoko kukagua mizani na mawe ya wafanyabiashara, na hapo alipoketi, mgongo umenyooka, nilimwona afisa yule mzima kabisa. Akatoa mkono mfukoni. Kiganjani kulikuwa na dadu ya jicho. "Nimeiiba asubuhi, wakati wa uji. Si mimi ni mwizi?"

Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuniruhusu. Akavuta kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, kilichojaa maji, akaidondosha dadu ndani. Ikazama. Ikatua jicho likiwa chini. Akaitoa kwa kijiko, akaidondosha tena. Jicho chini. Mara ya tatu, ya nne, ya tano.

"Mara kumi na mbili nimeifanya kabla hujaingia," akasema. "Mara kumi na moja imetua hivyohivyo. Kuna kitu kizito kimetiwa upande wa jicho. Jiwe la namna hii, mwenye duka nilikuwa nampeleka mahakamani."

"Nani amefanya hivi, baba?"

"Mimi nakuuliza wewe."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilihisi uso unanichoma. "Unadhani ni mimi?"

"Wameniambia wewe ndiye unayepanga nani afe hapa. Wameniambia pia wewe ni mwanangu. Silikatai, siwezi kulijua." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwenye mizani akiwa na mtoto wake anauza sokoni, mizani hiyo mimi naikagua mara mbili. Na mwenye mizani akiwa na baba yake? Niambie wewe."

"Sijaigusa hiyo dadu. Nimefika leo."

"Wote husema hivyo," baba akasema. Akaniwekea dadu mkononi, ikiwa bado imelowa. "Kesho naletewa nyingine. Nimeshamwitikia yule joka. Siwezi kumkaribisha mtu halafu nikamfungia mlango."

Nilitoka nikiwa nimekasirika kama mtoto aliyesingiziwa. Na chini ya hasira, niseme ukweli wangu, kulikuwa na aibu. Maana wakati dadu ile inatua kwa mara ya tano, jicho chini, nilikuwa nimeifurahia.

4

Ipyana nilimkuta barazani, anaanika tepe kwenye kitambaa. Nikaweka dadu mbele yake. Hakujisumbua hata kujifanya hamnazo.

"Waya wa kulehemu," akasema. "Nimetoboa, nikatia kipande, nikaziba kwa gundi. Niandike tu, dada. Nimeshachoka kuwa na siri."

"Miezi kumi na minne!"

"Hukuwahi kukutana na Mzee Kabuka, sivyo?" Aliendelea kupanga tepe, hakunitazama. "Wiki ya majaribio, kabla hatujaanza kutuma taarifa. Siku ya tatu. Nikabisha hodi, akasema karibu. Nikarusha, likaja jicho. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi mke wake akaja na chakula, kama kila Jumamosi. Mzee akampokea vizuri sana. Akamuuliza amekuja kumtazama nani."

Mvua ilipiga bati.

"Nikawaambia ofisini kwenu," akasema. "Nikaandika kuwa wazee wanaitikia. Mkanijibu kwamba kanuni imethibitishwa kwa majaribio. Majaribio ya nani? Uliwahi kumwona mzee wa huku anasikia hodi akakaa kimya? Wewe, dada Tupo, samahani, ulilelewa wapi?"

"Nimelelewa Masoko," nikasema. "Kilomita kumi na tano kutoka hapa."

"Basi umesahau kuliko wao."

Ningemjibu kwa ukali siku nyingine. Siku hiyo nilikaa kwenye ngazi. Barua yake sikuikumbuka, lakini jibu nililitambua, maana yale maneno ni yangu, ndiyo ninayowajibu wote. Nikamwambia kuanzia sasa hakuna hodi, agonge bakuli kwa kijiko, sauti isiyodai kuitikiwa. Nikamwambia nitaiandika kanuni upya kwa meza zote. Akakubali kwa kichwa, kisha akauliza lile nililokuwa nalikimbia.

"Na huyu wa kesho? Vidole ameshaitikia."

Nilijua hesabu vizuri. Dadu ya uongo ingemponya Vidole kesho na siku zote, na baba, ambaye ameishuku miezi miwili na sasa ameikamata, asingeogopa tena. Taa isingewaka, na Krismasi ingemkuta hana kitu. Dadu ya kweli ingempa hofu yake, na pamoja nayo nafasi moja kati ya nane ya kupoteza kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Kuufuta mrusho nako ni kumdanganya, na angejua. Kwa mtu mwingine ningeamua kwa dakika moja na kutia sahihi. Nimetia sahihi mamia.

"Unaweza kuniachia," Ipyana akasema taratibu. "Ninayo ya pili. Nimeitengeneza vizuri zaidi. Majini haionekani."

Nilimtazama mikono. Ndivyo ilivyo, nikafikiri, ukimfumania mtu na uongo mmoja anakuonyesha wa pili uliosukwa vizuri zaidi. Kisha nikatambua kwamba sijasema hapana.

"Nipe hiyo ya pili," nikasema hatimaye. Akanipa. Nikaitupa kwenye mashamba ya chai, mbali nilivyoweza, nikajuta kabla haijatua.

5

Asubuhi niliwaletea dadu mpya tatu, bado zimefungwa. Baba alichagua moja. Akaomba kikombe chake, akaidondosha mara ishirini, Bibi Sekela akihesabu kwa sauti kama anahesabu uchungu wa mzazi. Nne, saba, jicho, mbili, sita, mbili, jicho. Kila ilipotua tofauti, baba aliinamia zaidi.

"Hii haina mtu ndani yake," akasema.

Akaikausha kwa shati. Akaishika. Na hapo mkono ukaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha kifundo. Nilisogea nione nyuma ya sikio lake. Taa ikapepesa, ikasita, ikawaka rangi ya chungwa, ikakaa.

Baba aligeuka. Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Tupo," akasema. "Mbona umekonda hivyo?"

Miezi miwili yote kwenye simu alikuwa akiniita mama, dada, daktari. Nilishika ukingo wa meza.

"Unakula kweli huko? Na lile jino, ulikwenda?"

"Nilikwenda, baba."

"Wataling'oa hao, usiwaachie." Akatazama dadu kiganjani. Nilimwona anaogopa, na nilijua anachoogopa kukipoteza, kwa sababu kilikuwa kimesimama mbele yake. Nilitaka kumwambia asirushe, akae hivihivi, ashike tu dadu mpaka jioni, mpaka mwaka kesho. Nikanyoosha mkono.

"Usinishike, mwanangu," akasema. "Nimeshamkaribisha." Akarusha.

Mkono uliotetemeka haukuipeleka alikokusudia. Dadu iligonga ukingo wa bakuli, ikaruka, ikaanguka upande wangu, ikavingirika chini ya kiti changu. Hakuna mwingine aliyeweza kuiona. Niliinama. Ilikuwa tano. Niliiona kwa macho yangu mawili, tano safi, juu ya saruji.

Na mimi mjinga, mwenye miaka tisa ya kanuni kichwani, furaha ikanitoa akili. Niliiokota. Nikaiinua juu. "Tano! Ni tano, baba, umepona!"

Baba alinitazama mkono, akayashusha macho hadi sakafuni, akayarudisha kwenye mkono.

"Umeiokota," akasema.

"Ilikuwa tano. Naapa."

"Lazima ingekuwa tano." Alisema kwa upole, jinsi alivyokuwa akimwambia mama wa genge kwamba jiwe lake amelichukua. "Kabla hujaniambia nilishajua itakuwa tano."

"Baba, sidanganyi."

Taa ilikuwa ikififia nikiitazama. Nilizungumza haraka, nikasema kuhusu jino, kuhusu Masoko, kuhusu mama, nikisema chochote cha kumshika asiondoke, na kila nilivyosema alizidi kunitazama kwa ile adabu yake ya kutisha. Ikazimika.

"Pole na safari, mama," akaniambia. "Umetoka mbali?"

6

Bibi Sekela ndiye aliyenitoa. Alinishika kiwiko, mkono mzito wa mtu aliyezoea kuwatoa akina baba wodini, akanifikisha mlangoni. "Irushwe tena," akasema, "lakini si mbele yako. Akikuona tu, anasikia harufu ya huruma. Nenda barazani."

"Akirusha tena ni moja kati ya nane tena," nikasema. "Ile alishapona, bibi. Alishapona kweli."

"Najua. Mimi nakuamini. Lakini si mimi ninayetakiwa kuogopa."

Akafunga mlango. Nilisimama barazani mvua ikininyeshea ubavu mmoja. Kupitia mbao nilimsikia Ipyana akilirudia ziwa, maji yaliyotulia mno, harufu ya chuma, sauti yake ikitetemeka kidogo. Nilisikia kikombe, dadu ikitumbukia, Bibi Sekela akihesabu. Ilichukua muda mrefu. Baba hakubali kirahisi.

Kisha dadu ikagonga mbao, mara tatu, nne, ikasimama.

Nilihesabu pumzi zangu, nikafika sita, nikawa na hakika kwamba ni jicho na kwamba wanatafuta nani aje kuniambia. Halafu Bibi Sekela akapiga kigelegele kilichomwamsha Mzee Mbwiga, maana nilimsikia naye akiuliza nani anaolewa.

Nilinyata hadi dirishani. Baba alikuwa ameegemea kiti, uso umemlowa jasho, na nyuma ya sikio lake taa iliwaka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye vitabu vya mafunzo. Alikuwa anazungumza mfululizo, kama mtu aliyefika nyumbani na habari nyingi.

"Nilikuwa nampeleka mnadani Jumatano," alikuwa akisema. "Kwa baiskeli. Alikuwa wa miaka sita, anakaa mwenyewe kwenye sahani ya mizani, anapiga kelele, baba nisome! Kilo kumi na tisa na robo. Wiki inayofuata anakula ndizi mpaka tumbo linauma ili afike ishirini. Tupokigwe, huyo. Ana kichwa kigumu, lakini hawezi kuiba hata chumvi. Mkimwona mtaniambia. Mtu wa kweli kabisa."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa. Ipyana aliniona kupitia kioo. Akatikisa kichwa kunikataza, polepole, mara moja tu.

"Yuko wapi siku hizi?" baba akauliza. "Haji?"

"Yuko Dar, mzee," Ipyana akasema. "Kazi zimembana."

"Mwambieni asijisumbue na mvua hii," baba akasema. Akaanza tena kuhusu baiskeli.

Mafua yalikuwa yamenishika tangu jana. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, nisikohoe akajua nipo.